Upande wa Dereva

Nianze na kiti, maana kiti ndicho kilichonitoa akili.

Kiti cha abiria cha gari la Baba nilikivua nguo mara tatu. Mara ya kwanza nilifungua nati zake zilizoliwa na kutu, nikakibeba hadi kwenye meza ya uani, nikachana uzi, nikabandua kitambaa, nikatupa sponji ya zamani ambayo kwa uzee ilikuwa inamwagika kama unga. Nikaweka mpya, ngumu chini na laini juu, nikashona kwa sindano ya kupinda mpaka vidole vikaota sugu juu ya sugu. Mara ya pili nilikifungua kwa sababu kilikuwa kimeinuka mno na Baba angegonga kichwa akiingia. Mara ya tatu nilikifungua kwa sababu Baba mwenyewe alikipiga kwa mkongojo, akanitolea macho na kusema, "Upande!"

Upande gani, hakusema. Hakuweza kusema.

Viti ndiyo kazi yangu. Nashona makochi kwenye karakana ya makochi, na nikimaliza kushona ndiye ninayeendesha pikapu ya karakana kuyapeleka kwa wenyewe. Kaka yangu ananiita Fundi Sponji, halafu anacheka peke yake. Sisi nyumbani tunamwita Mkurugenzi, kwa sababu hajawahi kushika kitu kizito kuliko simu, lakini kila kazi lazima aisimamie. Yeye hilo jina analipenda. Hajagundua mpaka leo kwamba tunamcheka.

Baba alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha unga tangu sijazaliwa mpaka alipostaafu. Siku moja alianguka bafuni, na alipoamka upande wake wote wa kulia ulikuwa haumsikii tena, mkono na mguu. Kiharusi kilimchukulia na maneno. Mtu aliyekuwa akitukana trafiki kwa lugha za makabila yote ya barabarani alibakiwa na maneno matatu tu: "maji", "hapana" na "upande". Maji tulielewa. Hapana tulielewa vizuri sana, maana ndilo alilokuwa akilitumia zaidi hata kabla ya kuugua. Upande ndio uliotushinda.

Daktari wa viungo, mwanamke mmoja mwenye mikono kama ya mkanda unga, alituambia waziwazi. Mguu ule ukifanyishwa mazoezi sasa, Baba atatembea. Ukiachwa utakauka ulivyojikunja, na hapo tusimtafute tena. Zamu za Baba zilikuwa Jumamosi asubuhi. Jumamosi ya kwanza tulikodi gari. Dereva alikuwa na haraka zake, kiti chake cha mbele kilikuwa hakisogei nyuma, na yeye na mtu mwingine aliyekuwa anapita walimkunja Baba wakamsukumiza ndani kama godoro. Wakati wa kumtoa alianguka kifudifudi mbele ya geti letu, majirani wote wametoa vichwa. Nilimwona akilia kwa jicho moja, kwa sababu lile lingine nalo lilikuwa halimsikii. Tangu siku hiyo, likija gari la kukodi anashika fremu ya mlango wa nyumba kwa mkono wake mzima na humng'oi.

Ndipo nikasema, basi gari lake lenyewe litengenezwe.

Lilikuwa limeegeshwa uani, chini ya bati, tangu Baba aanguke. Gari dogo, kuukuu, jeupe lililogeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Nililijua gari lile kuliko nilivyowajua shangazi zangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiliosha tangu nikiwa binti mdogo wa kubeba ndoo nusu. Niliosha tairi, nikaosha boneti, nikafungua mlango wa dereva na kupangusa dashibodi, usukani na kiti chenyewe nikiwa nimepiga magoti nje, kwenye kokoto, kwa sababu nikiinua mguu tu kuuweka ndani, sauti ilitoka kibarazani: "Usipande!" Hakuwa akipiga kelele. Alisema mara moja tu na mguu unarudi chini wenyewe. Kaka ndiye aliyepandishwa, akafundishwa, na siku ya pili akaivaa nalo nguzo ya geti. Alama ipo mpaka leo, kwenye nguzo na kwenye bampa. Mimi nilipojifunza kuendesha nilijifunzia kwenye pikapu ya karakana, Baba akapata habari kwa watu. Jioni nikirudi na pikapu imejaa sponji, nikiiingiza kinyumenyume kwenye geti lile lile, alikuwa akiinua kidevu kidogo pale kibarazani na kutazama mpaka nizime injini. Halafu anageuka pembeni kama aliyekuwa akitazama ndege.

Kwa hiyo hata alipokuwa hawezi kuinua kijiko, mimi gari lile nililitengeneza nikiwa nje. Ninajisikia vibaya kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Injini niliiwasha nimesimama chini, nimeingiza mkono dirishani. Tulipotoa upepo kwenye mabomba ya breki, mimi nilikuwa uvunguni na spana, na Mama ndiye aliyekuwa akikanyaga breki kwa juu. Nilisikia pedali inagonga ajabuajabu, nikachungulia. Mama naye alikuwa amesimama nje, anakanyaga kwa mpini wa ufagio.

"Si ukae tu, Mama?"

"Kaa wewe," akasema. "Mimi nimeolewa na mtu yule, namjua."

Dereva wetu, kwa maneno ya kikao cha familia, alikuwa Mkurugenzi. Alijitolea mwenyewe, kwa sauti, mbele ya baba wadogo na mashangazi. "Nyie tengenezeni gari, kila Jumamosi mimi nakuja namchukua mzee." Watu wakamwombea dua. Mimi nimekaa pale pale na funguo za pikapu mkononi, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kunitazama. Nikasema sawa, mradi mguu wa Baba upone.

Siku niliyolitoa gari chini ya bati kwa kulisukuma, Baba alikuwa kibarazani. Nilikuwa nimesimama kando ya mlango wa dereva, mkono mmoja kwenye usukani, nasukuma. Akanyoosha mkongojo, uso umewiva.

"Upande! Upande!"

Nikatazama. Kweli, gari lilikuwa limelala upande mmoja, springi ya nyuma imekatika na shokapu imekufa. Nikafurahi kama mjinga. Nikamwambia, "Nimeona, Baba, tulia, upande huo nautengeneza." Nikapandisha jeki, nikafungua, nikatafuta springi na shokapu kwa wauza vipuri vilivyotumika, nikafunga, gari likakaa sawa. Nikamwita aje aone. Akaja akiburuta mguu, akalizunguka, akafika pale niliposimama, akapiga mlango wa dereva.

"Upande."

Mama akasema labda anazungumzia mwili wake. "Anasema upande wake, maskini. Upande unamuuma."

"Hapana!" akasema Baba.

Basi nikafikiri ni mlango. Mlango wa dereva ulikuwa na raba iliyochanika, upepo na vumbi vinaingia. Nikabandua raba zote, milango yote, nikabandika mpya. Kioo cha upande ule kilikuwa kinaangukia ndani, nikafungua ubao wa mlango, nikakuta mtambo wa kupandishia kioo umeacha njia, nikaurudisha na kuupaka grisi. Baba akatazama yote. Na sikatai, kwenye kioo aliridhika, alikipandisha na kukishusha kwa mkono wake wa kushoto kama mtoto aliyepewa kitu kipya. Kisha akanyooshea kiti cha dereva kidole.

"Upande."

Kiti cha dereva nacho kikavuliwa. Nilikijaza upya kwa kipimo cha Mkurugenzi, kirefu mgongoni, kipana kwa ajili ya makalio yake ya ofisini, huku nauma meno kila nikichoma sindano. Reli zake za kusogelea mbele na nyuma nilizisafisha kutu na kuzipaka grisi mpaka kiti kikawa kinateleza kwa kidole kimoja. Nikakirudisha. Baba akaja. Akatikisa kiti, akakikandamiza, akaafiki kwa kichwa. Nikashusha pumzi.

"Upande," akasema.

Sasa niambie, wewe ungefanya nini?

Nilifanya mambo kwenye gari lile ambayo hata waliolitengeneza hawakuyawaza. Chini, kwenye sakafu ya abiria, palikuwa panapata moto wa injini. Mguu usiohisi unaweza kuungua na mwenyewe hajui, kwa hiyo nilitoa zulia, nikakwangua kutu, nikaweka raba nene, juu yake blanketi kuukuu lililokunjwa, kisha zulia tena. Kelele nazo zikapungua nusu. Reli za kiti cha abiria niliziongeza kwa nyuma ili mguu unyooke wote. Juu ya kiti nilitandika kitambaa cha kuteleza, akae kwanza kwa makalio huku miguu ipo nje, halafu ajizungushe. Juu ya mlango nikafunga mpini wa kushikia upande wa mkono wake mzima. Na nikashona mkanda wa turubai wenye kitanzi, autie kwenye kiatu, auvute mguu mwenyewe uingie ndani. Mwenyewe, bila mtu kumsukumiza kama godoro. Huo mkanda niliushona kwa uzi wa aina ile tunayoshonea mahema.

Jumamosi iliyofuata Mkurugenzi alikuja kweli, amechelewa, simu sikioni. Akaingia kwenye kiti cha dereva, akajirusharusha juu yake kupima sponji yangu, akaita, "Haya, mzee, twende zetu!" Baba alikuwa ameshafika mlango wa abiria. Alimtazama Kaka pale alipokaa.

"Hapana," akasema, akageuza mkongojo, akarudi ndani.

Tulimbembeleza, hakutoka. Kaka akapiga usukani. "Huyu mzee kashajichokea. Nimetoka mbali, nimeacha watu wangu kule!" Akaondoka, na zamu ya Baba ikapita. Nilimpigia simu daktari wa viungo nikaomba radhi. Akasema Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho kumsubiri, kuna wengine wanaoitaka ile nafasi.

Nilipokata simu nilikwenda moja kwa moja uani. Baba alikuwa huko, peke yake, ameegemea gari kwenye mlango wa abiria, mlango wazi. Aliponiona akapiga kiti cha abiria kwa mkongojo, akanyoosha mkongojo ule ule kwenye kiti cha dereva, akanielekezea mimi kifuani.

"Upande!"

Hasira zikanipanda mpaka nikaona giza. "Upande gani, Baba? Upande gani? Nimetengeneza huu, nimetengeneza ule, nimetengeneza wa chini na wa juu! Kama hutaki kupona sema hutaki! Mikono yangu hii tazama! Unataka nini kwangu?"

Sikuwa nimewahi kumpandishia Baba sauti maisha yangu yote. Yeye akawa mwekundu, neno likagoma, akarudia lile lile moja kwa nguvu, "Upande! Upande!" kisha akautupa mkongojo. Ulipita juu ya boneti ukaenda kuanguka kwenye ndoo za Mama. Mama alitoka, akauokota mkongojo, akasema kwamba amechoka kuishi na mafahali. Nilikifungua kiti cha abiria kwa mara ya tatu siku hiyo hiyo, kwa chuki tu, nikitafuta labda kuna upande uliovimba. Hakikuwa na uvimbe popote.

Katikati ya wiki Mkurugenzi akatuma ujumbe kwa wote. Ameamua. Gari liuzwe kama chuma chakavu, mzee halipandi, na hata akilipanda hakuna dereva. Jumamosi asubuhi anakuja na mnunuzi.

Hakuna dereva. Nilisoma maneno yale nikiwa nimekaa nyuma ya usukani wa pikapu, kwenye foleni, na makochi ya mtu nyuma. Niliicheka simu kicheko kibaya mpaka wa gari la pembeni akapandisha kioo.

Jumamosi niliamka na kisirani changu chote. Nilimvalisha Baba shati safi na viatu, nikamkalisha kwenye benchi la kibarazani. Nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba Kaka ataona aibu akiona mzee amevaa. Aliingia getini na mnunuzi wa vyuma, mtu mnene mwenye mnyororo begani, lori lake dogo limeachwa nje likinguruma.

"Shikamoo, mzee," mnunuzi akamwamkia Baba kwa adabu. Akaja kwenye gari, akafungua boneti, akafunga, akagonga kwa ngumi hapa na pale. Akafungua mlango wa abiria akakuta kiti changu. Akakibonyeza. "Mbona ndani kuzuri hivi? Nani kafanya?"

"Dada yangu huyu," akasema Kaka. "Anapenda kushonashona. Usihesabu hayo, wewe chukua chuma."

"Kaka," nikasema, "leo ni siku ya Baba ya mazoezi. Ya mwisho. Mpeleke kwanza, ndiyo uuze."

"Nimpeleke kwa lipi, na hapandi? Wiki iliyopita si ulikuwepo? Tukubali tu, dada. Gari limekufa, na mzee ndiyo hivyo tena."

"Mzee ndiyo hivyo vipi? Yupo hapo, anakusikia!"

"Upande!" akapaza sauti Baba toka benchini. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ndiyo, mzee, ndiyo," Kaka akaitikia kama anayembembeleza mtoto wa kunyonya. "Upande huo tumeuona, na wa pili tutauona." Akamkonyeza mnunuzi. "Ndiyo wimbo wake siku hizi. Haya, nitakuwashia, ulisogeze getini ufunge mnyororo." Akatoa mkono. "Fundi Sponji, lete funguo."

Funguo zilikuwa mfukoni kwangu. Nilizitoa. Sikuwa na mpango wowote, naapa. Nilichokuwa nacho kichwani ni kile kitanzi cha turubai, na kwamba kingekwenda kukatwakatwa pamoja na vyuma kabla hakijavaa kiatu hata mara moja. Badala ya kumpa nilizunguka boneti, nikafungua mlango wa dereva, nikapanda, nikaubamiza mlango na kubonyeza kitasa. Nikajinyoosha nikauvuta na wa abiria, nikabonyeza vitasa vyote. Nilipandisha kioo nilichokitengeneza mwenyewe, nikabakisha ufa wa kupitisha sauti.

"Sasa buruta!" nikamwambia mnunuzi. "Funga mnyororo uburute! Utatupima kwa pamoja mizani moja, mimi na gari!"

Mnunuzi akashusha mnyororo begani. "Mimi mambo ya familia siingilii," akasema.

Kaka akagonga kioo. "Acha upuuzi! Toka! Unataka kuniaibisha mbele ya watu?"

"Ndiyo!"

Akagonga, nikapiga honi. Akasema kitu, nikapiga honi. Ilikuwa honi ya zamani, nene, niliifunga nyaya mpya wiki iliyotangulia, na kila nilipoibonyeza nilijisikia vizuri zaidi. Wala sikufikiri nimekaa wapi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kipana cha makalio ya Kaka, miguu haifiki kwenye pedali, nimeshika usukani kwa mikono miwili, natukana.

Nilipoacha honi kupumua, nikasikia mkongojo kwenye kokoto.

Baba alikuwa ameinuka benchini peke yake. Mama alikuwa nyuma yake, mikono imenyooka, hamgusi. Alikuja akiburuta mguu, polepole, shati lake safi limeshachomoka, akampita mnunuzi na mnyororo wake, akampita Kaka bila kumtazama, akazunguka nyuma ya gari. Akafika upande wa abiria. Akagonga kioo kwa kucha.

Nikajinyoosha nikafungua.

Alinipa mkongojo kwanza. Akashika mpini. Akageuka, akakaa kwa makalio kwenye kitambaa cha kuteleza, miguu nje, akapumua. Kisha akainama, akatafuta kitanzi cha turubai kana kwamba alikwishakifanyia mazoezi siku zote nilipokuwa kazini, akakitia kwenye kiatu, akavuta. Mguu ukaingia. Akajizungusha, akaegemea, akaweka kisogo mahali hasa nilipopima kisogo chake. Mlango akaufunga mwenyewe. Hakuna mtu aliyemgusa.

"Eti sasa anapanda," Kaka akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, alikuwa anajaribu kucheka. Akaja upande wangu, akaingiza vidole kwenye ufa wa kioo. "Haya basi, yaishe. Kama kakubali, nitampeleka. Toka, nipande mimi niendeshe."

Baba akaegemea mbele yangu. Niliona mishipa ya shingo ikimsimama. Mdomo ukaanza kutafuta, ukakosa, ukatafuta tena, kama mtu anayejaribu funguo nyingi kwenye kitasa kimoja.

"U... si... Usipande," akamwambia Kaka.

Lilikuwa neno jipya, la nne, na lilitoka na sauti yake ya zamani. Mama alishika kichwa. Kaka akatoa vidole kwenye kioo.

Neno lile mimi nililijua. Lilikuwa limenipigisha magoti kwenye kokoto utoto wangu wote, kitambaa mkononi, mguu mmoja umerudishwa chini. Nikamgeukia Baba. Alikuwa ananitazama, jicho lile zima limejaa maji, na alipiga kwa kiganja kiti nilichokalia, polepole, mara moja.

"Upande," akasema.

Hakuwa anazungumzia upande wa gari. Wala upande wa mwili, wala wa mlango, wala wa kiti. Alikuwa ananiambia nipande. Tangu siku ile ninasukuma gari kutoka chini ya bati, nimesimama kando ya mlango wa dereva kama kijakazi, alikuwa ananiambia mimi, wewe, upande. Alikuwa amelitoa lile "si" katikati na kunipa kilichobaki. Nami nikaenda kununua springi.

Natamani niseme nililia tukakumbatiana. Nilikasirika. Nilikasirika kwa ajili ya zile kokoto, na kiti nilichokivua mara tatu, na zamu za mazoezi zilizopotea, na maisha yote yaliyongoja mpaka akose maneno ndipo aniambie hilo moja.

"Si ungesema ingia!" nikamfokea. "Kaa! Endesha! Maneno yote yale, Baba, ukachagua hilo?"

"Hapana," akasema, na nusu ya uso wake iliyokuwa hai ikacheka.

Nilivuta kiti mbele. Kiliteleza kwa kidole kimoja, miguu ikafika. Nikamfunga Baba mkanda, nikafunga wangu, nikawasha. Mnunuzi wa vyuma alikuwa ameshakimbilia lori lake kulisogeza, na alipofika getini alitupungia kwa mnyororo. Kaka alibaki amesimama mbele ya boneti, simu mkononi, hana wa kumpigia.

Nikapiga honi, akapisha.

Nikaingiza gia. Ikakwaruza vibaya sana, uani kote ikasikika, kwa sababu klachi ya gari lile ni ndefu kuliko ya pikapu na mimi sikuwa nimewahi kuikanyaga.

"Hapana," akasema Baba, macho mbele, akinyooshea mguu wangu kidole.

Nikakanyaga tena, mpaka chini.